Chumba na sebule ya kupanga: jinsi ya kuifanya ikalike bila kununua makochi mapya

Watu wengi wakitaka nyumba ipendeze wanaanzia Keko, kwa mafundi wa makochi pale Dar. Wanaagiza seti ya makochi, inakuja na meza ya kioo na vistuli vyake, hela inaishia hapo, na usiku wakiwasha taa sebule bado iko vilevile, unakaa kama uko kwenye foleni ya zahanati. Tatizo halikuwa kochi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepanga chumba na sebule Dar, Tanga, Mtwara, popote pwani, kuta sio zake, dari sio lake, na kodi ya miezi sita imeshamkausha. Msimamo wangu ni mmoja tu, hela yako ya kwanza iende kwenye taa, ya pili kwenye vitambaa na sakafu, na vilivyobaki ni kupanga upya ulivyonavyo. Makochi yawe ya mwisho kabisa, na ukifika huko unaweza ukakuta huyahitaji tena.

Hatua ya 1: badili balbu

Nyumba nyingi za kupanga zina balbu moja katikati ya dari, nyeupe pee. Angalia boksi lake au maandishi madogo pale kwenye shingo ya balbu, utakuta 6500K. Hiyo namba inakuambia rangi ya mwanga, ukali ni kitu kingine. Namba ikiwa kubwa mwanga unakuwa mweupe unaokimbilia ubluu, ikishuka unakuwa wa njano njano kama wa jioni. Wewe unataka 2700K au 3000K. Dukani ukisema nataka ya njano kuna wauzaji watakupa ile balbu ya mapambo iliyopakwa rangi, haifai, soma namba mwenyewe na umwambie aiwashe pale kaunta kabla hujalipa, maduka mengi ya vifaa vya umeme wana holda ya kujaribia. Bei yake haipishani sana na ya ile nyeupe, ndo maana nashangaa watu wanavyoiruka hii hatua.

Toa balbu yako ya zamani uende nayo, maana kuna holda za pini na kuna za kuzungusha na hutaki kupanda daladala mara mbili. Kwa sebule ya kawaida LED ya wati 9 inatosha, kwa taa ya pembeni wati 5. Na usiogope LUKU, wati 9 ikiwaka masaa matano kila siku kwa mwezi mzima inakula kama uniti 1.35, feni yako inakula zaidi ya hapo mara kadhaa.

Ile nyeupe usiitupe. Ipeleke jikoni au pale unapopigia pasi, sehemu za kazi mwanga mweupe unafaa.

Sasa hapo umefanya nusu. Nusu ya pili ni kushusha mwanga. Taa ya darini peke yake inamwaga mwanga kutoka juu, macho ya watu yanaingia kivuli, kila mtu anaonekana amechoka, na kila kona ya chumba inamulikwa sawa kiasi kwamba hakuna sehemu inayokuvuta. Weka taa ya pili chini, juu ya stuli pembeni ya kochi au juu ya kabati fupi, isizidi usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Ukipata ya tatu iweke kona ya upande wa pili. Jioni ukirudi zima ya juu washa hizo mbili, utaona mwenyewe chumba kimebadilika kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Kivuli cha taa sio lazima kitoke dukani. Kikapu cha ukili ukikigeuza juu chini na kukitoboa tundu la holda kinatoa mwanga wenye madoa madoa ukutani, kizuri sana, ila iwe LED na balbu isiguse kikapu, sio zile balbu za zamani za waya zinazochoma mkono. Na tafadhali usitupie khanga juu ya taa kupunguza mwanga, na waya wa ekstensheni usiupitishe chini ya zulia, unapata joto bila wewe kujua na moto wa umeme hautoi taarifa.

Halafu zile LED za utepe za zambarau na bluu zinazozungushwa darini na nyuma ya TV. Najua ziko kila mahali. Kwa picha ya simu zinatoka poa, kwa kuishi nazo hapana, chakula kinaonekana cha ajabu na ngozi ya mtu inakuwa kijivu. Kama umeshanunua, nyingi zina rimoti, weka kwenye njano na ushushe ukali mpaka mwisho, angalau.

Hatua ya 2: toa kabla hujaleta

Hii haina maneno mengi. Boksi la TV lililo juu ya kabati, litoke. Kalenda tatu za miaka tofauti, bakiza moja. Ndoo na madumu yaende uani au nyuma ya pazia la jikoni. Maua ya plastiki ambayo yamekuwa rangi ya vumbi, mimi ningeyatoa yote. Nyaya za dekoda na subwufa zikusanye uzifunge pamoja na kamba nyuma ya meza. Friji likiwa sebuleni, na kwenye chumba na sebule mara nyingi linakuwa hapo, usihangaike kulificha, hakikisha tu haliko mbele ya macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi kuu, lisogeze upande wa mlango.

Kitanda chenye uwazi chini ndo stoo yako, tafuta maboksi ya plastiki yenye mfuniko yanayoingia humo, nguo za msimu na vyombo vya wageni vikae huko.

Hatua ya 3: ukuta

Kabla ya rangi angalia chini ya ukuta. Pwani kuta nyingi zinatoa chumvi, rangi inavimba na kudondoka kama unga, na ukipaka rangi mpya juu yake hiyo rangi utaiokota sakafuni baada ya mvua za masika. Kwangua mpaka plasta ionekane, acha pakauke kabisa, na kama unyevu unaendelea kupanda huo ni mzigo wa mwenye nyumba, mwambie. Makochi na kabati yakae mbali na huo ukuta upana wa kiganja ili hewa ipite, ukivibana utakuta fangasi nyuma na ile harufu ya uvundo ambayo hakuna udi unaoishinda.

Kuhusu rangi yenyewe, muombe mwenye nyumba ruhusa, na omba kwa meseji ili ibaki ushahidi siku ya kuhama. Wengi wanakubali kama unajilipia. Sio lazima kupaka nyumba nzima, ukuta mmoja tu wa sebule, ule ulio nyuma ya kochi, unatosha. Ukuta wa mita 3 kwa kimo cha mita 2.7 ni kama mita 8 za mraba, mikono miwili, yani kupaka mara mbili, ni 16, na lita moja ya rangi ya maji inafunika kama mita 10 mkono mmoja, kwa hiyo lita mbili unamaliza na kidogo inabaki ya kuziba alama. Fundi akikuambia nunua ndoo ya lita 20 mpigie hiyo hesabu.

Rangi zipi? Krimu, maziwa, mchanga, udongo mwekundu uliofifia, kijani cha majani makavu. Nyeupe ya hospitali na kijivu ya baridi zinapigana na ile balbu uliyobadili. Na jaribu kwanza, paka kipande kidogo uangalie mchana na uangalie tena usiku ukiwa umewasha taa yako mpya, maana rangi ileile inaweza ikakugeukia.

Nyumba nyingi nusu ya chini ya ukuta imepakwa rangi ya mafuta ili ifutike. Ukitaka kupaka rangi ya maji juu yake lazima isuguliwe na msasa kwanza, la sivyo inabanduka kama ganda.

Zile sponji za kubandika zenye sura ya matofali sizipendi. Kwenye joto na unyevu wa huku gundi inaachia pembeni, vumbi linaingia, na siku ya kuhama unabandua na rangi ya mwenye nyumba pamoja.

Picha weka chache na kubwa kuliko nyingi na ndogo. Kama unapenda Tingatinga, wasanii wapo Oysterbay pale kwenye ushirika wao na wapo wengine mitaani, ni sanaa iliyoanzishwa hapahapa Dar na Edward Said Tingatinga mwaka 1968, na kwa sababu inachorwa na rangi ya kung'aa ya mafuta haiogopi sana unyevu, unaifuta na kitambaa kikavu maisha yanaendelea. Ila ina rangi kali, kwa hiyo moja inatosha, na mito uliyonayo ichukue rangi mbili kutoka humo. Katikati ya picha pawe kama sentimita 145 kutoka sakafuni. Watu huwa wanatundika juu mno, karibu na dari, mpaka mgeni anainua shingo.

Hatua ya 4: sakafu

Taili zinapoza mguu, kwa joto la Februari hiyo ni neema, lakini zinafanya chumba kipige mwangwi na hiyo sauti ndo inayofanya sebule ionekane tupu hata ikiwa imejaa. Ongea kwa sauti kidogo ukiwa sebuleni. Ukisikia mwangwi, unakosa vitambaa na zulia.

Zulia zito lenye manyoya huku pwani linatesa, vumbi na mchanga vinaingia, maji yakimwagika haliji kukauka. Mimi napendekeza mkeka wa ukindu. Mkubwa, wenye rangi mbili tatu, unatandikwa katikati kiasi kwamba miguu ya mbele ya makochi inaukanyaga. Hapo ndo watu wengi wanakosea, wananunua kidogo kinachoelea peke yake chini ya meza, na vitu vyote vinaonekana vimetawanyika. Kama mkeka mkubwa haupatikani shona miwili pamoja, fundi wa viatu anaweza kukufanyia hiyo kazi. Kuutunza ni rahisi, unakunja, unakung'uta nje, unafuta na kitambaa chenye unyevu kidogo, unauanika kivulini. Ukiuanika juani muda mrefu rangi zinapauka na ukindu unakuwa mkavu unakatika.

Ukiwa na mtoto anayetambaa au mzee anayekaa chini, tandika jamvi chini alafu mkeka juu, inakuwa laini kidogo.

Hatua ya 5: mapazia

Pazia fupi linaloishia kwenye ukingo wa dirisha linafanya chumba kionekane kifupi. Pandisha bomba la pazia sentimita 15 mpaka 20 juu ya dirisha, lirefushe sentimita 20 kila upande, na kitambaa kishuke mpaka karibu kiguse sakafu. Dirisha la mita moja na nusu linakuwa na bomba la kama mita 1.9, na upana wa kitambaa chote uwe mara mbili ya bomba, yani kama mita 3.8, ili kikae na mikunjo hata likiwa limefungwa. Ukibana kitambaa linakaa kama shuka lililotundikwa.

Tundika mabomba mawili. La ndani, lililo karibu na dirisha, liwe na kitambaa chepesi kinachopitisha upepo na kuzuia jirani kuona ndani, hicho kinakaa siku nzima. La nje pazia zito kidogo la kufunga usiku. Ukiweka zito peke yake utakuwa unachagua kati ya faragha na hewa, na kwa joto letu utachagua hewa kila siku.

Kwa bei, mitumba ya Ilala inashinda dukani. Unapata mapazia ya pamba au ya kitani yenye uzito mzuri, nenda na vipimo vimeandikwa kwenye simu na tepu mfukoni, maana muuzaji atakuambia hili refu mama, refu kabisa, na ukifika nyumbani linaishia magotini. Likiwa refu sana fundi atalipunguza. Likiwa fupi, ongeza kipande cha kitambaa kingine chini chenye rangi ya kushiba, watu watadhani ulikusudia.

Hatua ya 6: mito, khanga na vile vitambaa vya kufuma

Hapa ndo sebule inapopata sura ya wenyewe. Khanga moja, kipande, ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Foronya ya mto wa sentimita 40 unaofungwa kwa kukunjia nyuma bila zipu inakula kipande cha kama sentimita 43 kwa 96, kwa hiyo kipande kimoja kinatoa foronya tatu na doti inatoa sita. Ifue kwanza kabla hujaipeleka kwa fundi. Khanga mpya ina wanga, inachuja rangi na inasinyaa kidogo, ukishona ikiwa haijafuliwa mto utabana baada ya kufua mara ya kwanza.

Jina la khanga mara nyingi ni refu kuliko mto, litakatwa katikati. Ukilitaka zima shona mto mmoja mrefu wa kuegemea ulipe nafasi. Na uchague jina kwa akili, lile la kumsema mtu ulilonunua kwa hasira usiliweke kwenye kochi, siku mama mkwe akija akakaa mbele yake utajieleza vipi.

Ndani ya mto jaza sufi kama unapata, inakaa vizuri na haihifadhi joto kama zile sponji za kukatakata. Kila baada ya muda iweke juani na uipige pige maana inajikusanya mabonge. Mito minne kwa kochi la watu watatu inatosha kabisa, ikizidi mgeni inabidi aishike mkononi akitafuta pa kukaa.

Vitambaa vya kufuma, vile alivyokufumia mama au shangazi, vijana wengi siku hizi wanavificha wanaona vya kizamani. Mimi naona ni kosa. Ila sio kila mahali. Ukiweka kwenye mgongo wa kila kochi, mikono yote, meza, TV, redio na friji vinameza nyumba. Chagua viwili vizuri zaidi, vifue, vinyooshe na wanga, kimoja mgongoni mwa kochi kuu kingine chini ya ile taa ya pembeni. Chini ya taa ya njano kile kitambaa cheupe kinaonekana cha gharama.

Kochi lenyewe kama limechakaa lifunike. Kitambaa kizito cha rangi moja, mita tano au sita, kimechomekwa vizuri kwenye mikunjo, kinaficha madoa yote na unaweza kukifua.

Hatua ya 7: sogeza makochi

Sebule zetu nyingi makochi yote yanabanwa ukutani, katikati panabaki uwanja, na kila mtu anaangalia TV. Kaa na mtu mwingine kwenye makochi yanayotazamana mjaribu kuongea bila kuinua sauti. Kama haiwezekani, yasogeze. Mita mbili mpaka mbili na nusu kati ya mtu na mtu ndo umbali wa maongezi. Kwenye chumba kidogo toa kochi moja la mtu mmoja ulipeleke chumbani, weka stuli badala yake, au mito ya chini juu ya mkeka, watu wanakaa karibu karibu na hakuna anayelalamika.

Meza ya kioo yenye kona kali ni adui wa magoti na watoto. Ukiwa nayo haina shida, iwekee trei ya mbao au ya ukili juu, vikombe na rimoti vikae humo.

TV ishuke. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho yako ukiwa umekaa, sio karibu na dari kama ya stendi.

Mmea mmoja hai unatosha kuanzia. Mani planti inavumilia kivuli na inaishi hata kwenye chupa ya maji, ila badilisha hayo maji kila baada ya siku chache, mbu wanazalia humo humo.

Hatua ya 8: chumbani

Chandarua ndo pambo lako, usikione kama kero. Cha pembe nne kilichotundikwa na kamba nne zilizonyooka, cheupe kisafi, kinafanya kitanda kiwe chumba ndani ya chumba. Kile cha duara kinachoning'inia na fundo kubwa katikati hakina huo uzuri, lakini kikiwa kizima bora kuliko kutokuwa nacho. Mshumaa, udi na dawa ya mbu ya kuchoma vikae mbali nacho.

Mashuka yawe pamba tupu. Yale ya kung'aa yanayoteleza yanashika jasho. Tandika shuka moja, juu yake khanga au kikoi cha kujifunika, kwa Dar hata kipupwe cha Julai unamaliza na hivyo pamoja na blanketi jepesi. Taa ya kitandani iwe ile ya wati 5, swichi uifikie bila kuinuka.

Hatua ya 9: harufu

Fungua madirisha asubuhi kabla ya kitu chochote. Halafu jioni, kama unapenda, chetezo na kaa moja au mawili ya moto, udi kidogo sana, dakika chache unapitisha kwenye mapazia na mito kisha unakitoa nje. Vitambaa vinashika harufu mpaka kesho yake. Ukiacha chetezo kinafuka sebule nzima imejifunga, hiyo ni kujipa kichwa kuuma. Kwa asiyependa moshi, chemsha maji na mdalasini na karafuu chache kwenye sufuria moto mdogo, inaondoa harufu ya samaki wa kukaanga vizuri tu.

Kama uko Njombe, Makete, Mbeya au Lushoto

Mengi ya hapo juu yanabaki ila vitambaa vinageuka. Zulia zito lirudi, pazia liwe na kitambaa cha pili nyuma yake na lifungwe kabla jua halijazama ili joto la mchana lisitoroke, na chini ya mlango weka kitambaa kilichoviringishwa na kujazwa mchanga au pumba. Blanketi mbili za kujifunika zikae kwenye kochi, zionekane, mgeni asione aibu kuomba.

Jiko la mkaa usilale nalo ndani hata kama baridi inauma mifupa. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Ota moto wake nje barazani, lizimwe au liishie huko, kisha uingie ndani ufunge. Maji ya moto kwenye chupa ngumu iliyofungwa vizuri, iviringishe na taulo uiweke miguuni chini ya blanketi, inakaa na joto masaa kadhaa.